Aliyeandika Gunia Hakuwa na Chama

Mkulima wa korosho wa Mandawa, wilayani Ruangwa, hauzi peke yake. Msimu ukifika anapeleka mzigo kwenye ghala la chama chake cha msingi, unapimwa, unapangwa daraja, naye anaondoka na stakabadhi. Kutoka hapo korosho zinakwenda ghala kuu, wanunuzi wanaleta bei zao, na siku ya mnada RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kinawasomea wakulima bei hizo. Zikiwa hazitoshi, wanakataa. Nimeshuhudia mnada ukivunjika hivyo: wazee wamekaa kwenye kivuli cha mwembe, mmoja anasimama na kusema "hatuuzi", na mkutano unafungwa. Mwaka 2018 kukataa huko kulipoenea kusini nzima, serikali ya Rais Magufuli iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalivyokwenda baada ya hapo ni mjadala ambao Mandawa haujaisha hadi leo, na si wa makala hii.

Ninachotaka kukisema ni kwamba katika mnyororo huo wote, kuanzia mwenye shamba hadi mpakiaji wa lori, kulikuwa na mtu mmoja aliyelipwa kwa huruma tu. Ni yule aliyeandika namba na jina la chama kwenye magunia, na jina hilohilo kwenye ukuta wa ghala. Mtu huyo alikuwa mjomba wangu.

Kwetu Wamwera mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake, kwa hiyo aliponichukua kuwa msaidizi wake wakati wa likizo za shule hakuna aliyeniuliza. Alikuwa na turubai la vifaa: makopo ya rangi ya mafuta, chupa ya tina, brashi alizozipunguza kwa wembe, na rundo la filamu za eksirei zilizotumika, alizoombaomba kwa watu waliotoka kutibiwa hospitali ya Ndanda. Filamu ile ndiyo iliyokuwa karatasi yake ya kukatia herufi. Haipasuki, haiingii rangi, na ukiifuta kwa tina inatumika tena msimu ujao. Aliichora kwa kalamu ya wino, akaikata kwa wembe juu ya kipande cha kioo, kisha akaiweka juu ya gunia na kuigongagonga kwa sponji lenye rangi nyeusi. Herufi kama O, A na R zilikuwa na siri yake: lazima ziachiwe vidaraja viwili vyembamba, la sivyo kitovu cha herufi kinadondoka na gunia linabaki na doa jeusi. Nilijifunza hilo kabla sijajua kwamba kuna watu duniani wanasomea maumbo ya herufi chuo kikuu.

Ukutani kazi ilikuwa nyingine. Tulipaka uzi chaki, mimi nikashika ncha moja na yeye nyingine, akauvuta katikati na kuuachia, na mstari ulionyooka ukabaki kwenye chokaa. Kabla ya kugusa rangi alihesabu herufi zote na nafasi zake, kwa sababu aibu kubwa ya fundi bango ni kuanza na herufi pana za majivuno na kumaliza na herufi zilizobanana pembeni kwa kukosa nafasi. Zahanati moja ya jirani ilikaa miaka na bango la namna hiyo. Kila tulipopita mbele yake mjomba alikuwa akitikisa kichwa, ingawa aliyeliandika hakuwa yeye.

Bei ndiyo iliyokuwa taabu. Mwenye duka alimwambia, "Wewe andika kwanza, tutaelewana." Baada ya kuandika, kuelewana kukawa sukari kilo moja na ahadi. Fundi mwingine alikuwa akitokea Nachingwea kwa baiskeli, mtu mwenye mkono mzuri kuliko mjomba, na wenye maduka waliwagonganisha: yule wa Nachingwea ataniandikia kwa nusu, wewe unasemaje? Siku moja walikutana gulioni. Mjomba akamwambia, "Ndugu yangu, tukishushiana bei sisi wawili, mwenye duka anatucheka wote." Wakakubaliana bei kwa herufi, kubwa kiasi hiki, ndogo kiasi hiki, na nusu ya fedha kabla kopo halijafunguliwa. Nadhani ndiyo sababu maduka mengi ya zama zile yalikuwa na majina mafupi.

Mapatano yale yalidumu misimu michache. Kijana mmoja alihamia kutoka upande wa Masasi na brashi zake, akaanza kuandika kwa bei yoyote aliyotajiwa. Watu walimlaumu kwa kuharibu soko. Mimi nimekuja kumwona kwa jicho jingine baadaye: hakuna aliyemwendea kumweleza kwamba kuna bei, wala kumkaribisha awe wa tatu. Mapatano yalikuwa ya watu wawili waliofahamiana, hayakuandikwa popote, na mgeni hakuwa na mlango wa kuingilia.

Kisha umeme ukaja, na nyuma yake kompyuta. Leo ukitaka bango Mandawa unakwenda steshenari ya Ruangwa mjini, kijana anakupangia maneno na picha, anatuma faili kwa simu usiku, linachapwa kwenye turubai la plastiki liitwalo flex mjini Mtwara au Dar es Salaam, na basi linalileta likiwa limeviringishwa. Mjomba alinunua simu ili apige picha za kazi zake za zamani kabla hazijafunikwa na flex. Mimi nilikwenda Dar es Salaam, nikajifunza CorelDRAW kwa kukaa nyuma ya kiti cha mtu mwingine Kariakoo, baadaye nikasoma, baadaye nikaajiriwa, na sasa najitegemea. Vifaa vilibadilika vyote. Mazungumzo ya bei hayakubadilika hata neno moja. "Si kazi ya dakika tano tu hiyo? Nichoree kwanza, tutaelewana."

Kwa hiyo wenzangu waliponiita Jumamosi moja kwenye ukumbi wa kuazima Sinza, kujadili kuunda chama cha taifa cha wabunifu wa michoro, nilikwenda nikiwa na mjomba kichwani. Tulikuwa watu wa kila aina: wa kampuni za matangazo, walimu wa vyuo, wachora katuni, vijana wa fulana na kadi za harusi. Mtu mmoja alikuja na historia ya nje, nayo ilitusaidia kuona kwamba hatukuwa tukibuni jambo jipya. Wamarekani walianzisha chama chao, AIGA, New York mwaka 1914. Wakanada walifuata mwaka 1956. Baraza la kimataifa la vyama hivi, lililoitwa Icograda na sasa International Council of Design, lilizaliwa London tarehe 27 Aprili 1963, na tarehe hiyo wabunifu wa nchi nyingi wanaiadhimisha kila mwaka.

Kati ya yote tuliyosikia, lililonibakia ni la jimbo la Ontario, Kanada. Mwaka 1996 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuwatambua wabunifu wa michoro waliosajiliwa. Sheria hiyo haimzuii mtu yeyote kuchora nembo na kuiuza. Inamzuia tu kujiita aliyesajiliwa ikiwa hakupita kwenye mtihani wa chama. Nilipolisikia hilo niliona limekatwa kwa busara, maana ukumbi wetu ulikuwa umeanza kuwaka moto kwa swali moja: nani ni dizaina?

Upande mmoja ulitaka shahada. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Walisema wahandisi wana bodi, wasanifu majengo wana bodi, wahasibu wana bodi, wanasheria wa bara wana Tanganyika Law Society tangu 1954. Kwa nini sisi tubaki kundi la kila mwenye kompyuta? Mwalimu mmoja akakumbusha uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2000, jinsi karatasi ya kura iliyopangwa vibaya katika wilaya moja ya Florida ilivyowachanganya wapiga kura wengi wakatoboa jina wasilolikusudia. Mchoro mbaya unaweza kugeuza nchi, alisema. Kweli kabisa. Hata lebo ya dawa ikipangwa vibaya inaweza kuua.

Lakini mimi nilisimama upande wa pili, na bado nimesimama hapo. Nyumba ikimwangukia mtu, sheria inamtafuta mhandisi. Bango la duka la Mandawa likiwa baya, halimwangukii mtu. Ukiweka shahada mlangoni, unamwacha nje kijana wa steshenari ya Ruangwa, na kwa kuwa yuko nje ataendelea kuchora kwa bei yoyote, kama yule wa Masasi. Atakayeumia ni huyo mwenye shahada aliyefunga mlango.

Kusini tuna mfano wetu wa hili, na haukuanzia darasani. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, kazi yake ikiwa haijatimiza miaka mitano. Wanafunzi wake, wengi wakiwa ndugu na watu wa kwao kusini, wangeweza kutawanyika na kila mmoja akauza barabarani kwa bei ya jua kali. Walishikana. Mwaka 1990 kikundi chao kikawa ushirika rasmi Oysterbay, wakipokea vijana wasio na cheti chochote, wakiwafundisha kazini. Sisemi ushirika ule umemaliza matatizo. Michoro yao inanakiliwa kuanzia Zanzibar hadi viwanja vya ndege vya nchi jirani, na wao kwa wao wananakiliana pia. Ila angalia jambo moja: kwa kawaida mchoro wa Tingatinga una jina la mchoraji kwenye kona. Mnunuzi anajua aliyemchorea ni nani.

Sisi wa nembo na mabango hatuna kona hiyo. Chukua kanga. Kanga za nyumba ya Kaderdina ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887, zina maandishi ya "Mali ya Abdulla" kwenye ukingo, na mama zetu wanaitafuta alama hiyo dukani kabla ya kutoa fedha. Jina la mfanyabiashara limevuka zaidi ya karne. Wachoraji wa maelfu ya miji na pindo za kanga, mabingwa wa kupanga rangi mbili tatu zikakaa zikapendeza, hawajulikani hata mmoja kwa mvaaji.

Na kama kanga haitoshi, chukua Nembo ya Taifa, yenye mwenge, ngao, pembe za ndovu na Mlima Kilimanjaro, iliyoko kwenye kila barua ya serikali. Mei 2017 vyombo vya habari vilimkuta mzee Francis Kanyasu, aliyefahamika kwa jina la Ngosha, akiishi kwa dhiki Buguruni, Dar es Salaam, akisema kwamba yeye ndiye aliyeichora. Alipelekwa hospitali, na kabla mwezi haujaisha akafariki dunia Muhimbili. Watu wengine walitaja wachoraji wengine, na mjadala ukapamba moto juu ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka. Mimi siamui nani alichora. Nashangaa tu kwamba nchi imeibandika nembo hiyo kwenye barua na pasipoti kwa zaidi ya nusu karne, na jina la mchoraji wake likawa jambo la kubishania magazetini. Chama cha kazi hii, chenye daftari la nani alichora nini na lini, kingekuwa na jibu la mstari mmoja.

Hata hivyo katika vikao vyetu vya mwanzo daftari halikuzungumzwa. Kilichotafuna muda ni nani awe mwenyekiti, na kama makamu wawe wawili. Kilichotuamsha kilitoka nje. Taasisi moja ya umma, sitaitaja, ilitangaza shindano la kubuni nembo yake mpya. Masharti yalisema kazi zote zitakazotumwa, za washindi na za walioshindwa, zitakuwa mali ya taasisi. Zawadi ilikuwa kwa mmoja, na ilikuwa ndogo kuliko bei ya siku chache za kazi. Yaani watu wengi wafanye kazi, mmoja alipwe kidogo, na taasisi ibaki na kabati la mawazo ya bure. Mashindano ya namna hii ndiyo ambayo baraza la kimataifa limekuwa likiyapinga kwa miongo mingi, nalo lina miongozo ya jinsi ya kuyaendesha kwa haki: chagua wachache kwa kuangalia kazi zao za nyuma, walipe wote kwa michoro ya awali, kisha mmalizie mmoja.

Tukaandika barua, ya adabu, kwa Kiswahili, tukieleza hayo. Tukakubaliana wote pale ukumbini kutoshiriki. Shindano lilipata washiriki tele, maana nchi nzima haikuwa ukumbini Sinza. Mshindi alipigwa picha na hundi.

Tukio la pili ni la nyumbani. Namungo FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, Ruangwa ilijaa fulana. Binti mmoja anayefanya kazi kwenye steshenari alikichorea kikundi cha mashabiki fulana nzuri kweli, yenye mlima na jani la mkorosho, rangi zilizokaa. Kabla hajamaliza kulipwa, mfanyabiashara mmoja alipiga picha fulana ile, akaipeleka kuchapwa mbali, na kuirudisha kwa mamia. Binti alinionyesha faili lake la awali kwenye simu, lenye tarehe. Kisheria hakuwa mnyonge: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapoumbwa, na ulinzi huo unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Alichokosa ni mtu wa kumwandikia barua. Ofisi ya hakimiliki iko mbali, nauli ni kubwa, na wakili ni ghali kuliko fulana zote.

Tukamwandikia sisi. Mfanyabiashara alisoma barua, akapiga simu, na kuuliza swali moja: "Ninyi ni nani?"

Hatukuwa na jibu. Hatukuwa tumesajiliwa, hatukuwa na muhuri wala anwani. Tangu siku hiyo nimekuwa na subira ndogo sana na mabishano ya vyeo, kwa sababu swali la yule bwana halikuwa la dharau. Lilikuwa la haki. Na ninyi wenye vipaji mkiulizwa hivyo, muwe na karatasi ya kuonyesha.

Kilichozaa matunda katika yote tuliyofanya ni kitu kidogo kuliko vyote: mkataba wa ukurasa mmoja. Kabla yake wenzetu walikuwa wakitumia mikataba ya Kiingereza iliyonakiliwa kutoka nje, mingine ikitaja mahakama za majimbo ya Marekani. Wetu ni wa Kiswahili na mtu wa kawaida anausoma mpaka mwisho kabla soda haijaisha. Unasema kazi ni ipi na itakamilika lini. Nusu ya malipo inatolewa kabla ya kuanza. Marekebisho mawili ni ya bure, la tatu linalipiwa. Faili la wazi, lile linaloweza kubadilishwa, linatolewa fedha ikikamilika. Mteja anakuwa na haki ya kuitumia nembo na kuisajili BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, akitaka, na mchoraji anabaki na haki ya kutajwa na kuionyesha kama kazi yake. Sahihi mbili, tarehe, basi.

Binti wa Ruangwa aliuchukua, akauchapa nakala nyingi na kuzibandika ukutani pale steshenari, pembeni ya bei za kutoa fotokopi. Wateja wengine waliondoka. Wengi walisoma, wakacheka, wakatoa nusu. Chama kimoja cha msingi kilichokuwa kinataka ubao mpya wa ghala kilisaini kwa utulivu kabisa, katibu wake akisema hawa sasa wanajielewa. Watu wa ushirika hawashangai kuona mtu ana karatasi. Wao wenyewe wanaishi kwa stakabadhi.

Mjomba sasa ni mzee na macho hayamsaidii kwa herufi ndogo. Nilipomsomea mkataba ule aliuliza kama unahusu pia magunia. Nikamwambia unahusu. Akasema basi bei ya herufi irudishwe.

Hadi ninapoandika haya usajili wetu haujakamilika. Katiba imerudishwa kwa marekebisho na tunakusanya muhtasari wa kikao na majina ya wanachama waanzilishi. Mimi nimeweka masharti yangu mezani na sitayaondoa. Ada ya mwaka isizidi bei ya bango dogo moja la mkoani. Kila mkoa uwe na mtu wa kuandikishia wanachama, na Lindi isiwe ya mwisho. Anayeandika ukuta kwa brashi aandikishwe kwenye daftari lilelile la anayetumia kompyuta. Na kazi ya kwanza ya katibu, kabla ya hafla yoyote ya hotelini, iwe kuanzisha daftari la kazi na majina ya walioziumba.

Nawe unayesoma, ikiwa una duka, shule, zahanati au chama cha msingi na uko njiani kumtafuta mtu wa kukuchorea: kubalianeni bei kabla hajaanza, mpe nusu yake, na mwache aandike jina lake pembeni.